Dola 76 za Martin County: Milima ya Appalachia na Harakati za Haki Marekani

Tarehe 24 Aprili 1964, Rais Lyndon Johnson alichutama kwenye kibaraza cha nyumba ya mbao karibu na mji mdogo wa Inez, katika kaunti ya Martin, mashariki mwa Kentucky. Mwenye nyumba alikuwa baba wa watoto wanane, kazi za kubahatisha. Wapiga picha walikuwepo, na picha za siku ile zikawa sura ya vita dhidi ya umaskini ambavyo Johnson alikuwa amevitangaza Januari mwaka huo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1981 uliifikia kaunti hiyohiyo kwa mlango mwingine: daftari la kodi ya ardhi. Humo kampuni tanzu ya reli ya Norfolk & Western ilionekana ikimiliki haki za madini kwenye ekari 81,333, eneo linalozidi nusu ya kaunti nzima. Madini hayo yalithaminiwa kuwa dola 7,604,962. Kodi yake kwa mwaka ilikuwa dola 76.

Kati ya kibaraza na daftari kuna miaka 17, na kuna namna mbili za kuutazama umaskini. Wengi waliopanda milima ile kuja kusaidia waliishia kibarazani. Waliofika kwenye daftari walikuwa wamefundishwa kuuliza, na mafunzo hayo yalitoka kwenye shule moja ya mlimani ambayo kabla ya hapo ilikuwa imewafundisha wapigania haki weusi wa Kusini.

Msomaji wa mbali akisikia haki za kiraia huona mashamba ya pamba ya Mississippi, na akisikia Appalachia huona wazungu maskini wa migodi ya makaa ya mawe. Mgawanyo huo haukuwahi kuwa wa kweli. Mpaka wa tume ya serikali ya maendeleo ya Appalachia, iliyoundwa kwa sheria ya 1965, unaanzia kusini mwa jimbo la New York mpaka kaskazini mwa Mississippi, na ndani ya mpaka huo umo mji wa Birmingham, Alabama, mji wa chuma na makaa ambako polisi waliwaelekezea watoto waandamanaji mbwa na mabomba ya maji mwaka 1963. Sekondari ya Clinton, Tennessee, iliyopokea wanafunzi 12 weusi mwaka 1956 na kulipuliwa kwa baruti miaka miwili baadaye, iko kwenye vilima hivyohivyo. Na migodini weusi na weupe walivuta vumbi moja.

Shule yenyewe ni Highlander. Myles Horton na Don West waliifungua mwaka 1932 karibu na Monteagle, kaunti ya Grundy, mojawapo ya kaunti maskini kabisa za Tennessee. Ilianza na wakata mbao, wachimba makaa na vyama vya wafanyakazi. Kuanzia miaka ya 1940 ilichanganya weusi na weupe katika mafunzo, jambo ambalo sheria za Tennessee zilikataza shuleni. Haikutoa vyeti wala mitihani. Watu kama 20 au 30 walikuja kulala hapo wiki moja au mbili, na waliochaguliwa hawakuwa wenye elimu kubwa bali wale ambao tayari walikuwa wameanza kufanya kitu kwao na kikawakwama. Swali la kwanza lilikuwa: tatizo lenu ni nini, na mmeshajaribu nini? Siku ya mwisho swali lilikuwa: ukifika nyumbani utafanya nini? Kati ya hayo mawili walikula meza moja na kuosha vyombo pamoja. Ukiuliza kwa nini jambo dogo kama kuosha vyombo linatajwa na kila aliyepita pale, kumbuka kwamba kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza maishani kukaa na mtu wa rangi nyingine wakiwa sawasawa. Rosa Parks alihudhuria mafunzo ya wiki mbili hapo kiangazi cha 1955, miezi michache kabla ya kukataa kumwachia mzungu kiti cha basi mjini Montgomery, Alabama, tarehe 1 Desemba.

Lakini kazi kubwa zaidi ya Highlander haikufanyika mlimani. Ilifanyika kwenye kisiwa cha Johns Island, pwani ya South Carolina, na inafaa kuielezea kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo utaratibu wote ulipotengenezwa.

Esau Jenkins alikuwa na basi lililowapeleka wakazi wa kisiwa kazini Charleston kila siku. Ili kujiandikisha kupiga kura, sheria ya jimbo ilimtaka mtu asome na kuandika kipande cha katiba mbele ya msajili. Jenkins akawafundisha abiria wake wakiwa safarini. Baadhi walikariri kipande kizima kama shairi na wakafaulu, lakini hawakuwa wamejifunza kusoma, na wao wenyewe walijua. Mwaka 1954 Jenkins alikwenda Highlander kwa mwaliko wa Septima Clark, mwalimu wa miaka mingi wa Charleston, na lilipokuja swali la tatizo lenu ni nini, alisema anahitaji shule ya watu wazima.

Elimu ya watu wazima ilikuwa imeshajaribiwa kisiwani na ikafa. Horton alipokwenda kuchunguza sababu alikuta mambo mawili. Watu wazima walikalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakigonga meza, na watoto wakawacheka. Pili, walisomeshwa vitabu vya watoto, sentensi za mpira na paka, mtu aliyelea watoto sita na kulima tangu alfajiri. Hapakuwa na uvivu wowote; waliona aibu wakaacha kuja. Wenye madarasa ya kisomo popote pale wangefaa kuanza na jambo hilo kabla ya kuhesabu mahudhurio.

Mara ya pili vitu vilipangwa upya kimoja kimoja. Jengo: chama cha akina Jenkins, Progressive Club, kilikopa fedha Highlander kikanunua jengo la shule kuukuu kwa dola 1,500. Chumba cha mbele kikawa duka la ushirika, na darasa likawekwa nyuma, lisionekane kutoka barabarani. Duka lililipa mkopo na kumpa kila mtu kisingizio cha kuingia. Mwalimu: Bernice Robinson, jamaa yake Septima Clark, msusi na fundi cherehani ambaye hakuwahi kufundisha darasa. Alichaguliwa kwa sababu hiyohiyo. Mwalimu mwenye cheti angeingia na mtaala wake, na zaidi ya hapo, mwalimu wa serikali angeweza kufukuzwa. Clark mwenyewe alifukuzwa mwaka 1956 baada ya kufundisha miaka 40, kwa kukataa kujitoa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Msusi mweusi hakuwa na mwajiri mzungu wa kumfukuza. Wateja wake walikuwa watu wake.

Muda: darasa la kwanza lilifunguliwa tarehe 7 Januari 1957, jioni mbili kwa wiki, kwa muda wa saa mbili kila jioni. Majira ya baridi yalichaguliwa kwa makusudi kwa kuwa shamba halidai mikono. Walikuja 14. Robinson aliwaambia hakuja kuwa mwalimu wao, watajifunza pamoja, kisha akawauliza wanataka nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma barua za watoto waliohamia kaskazini, kujaza fomu ya kuagiza bidhaa kwa posta, kujaza hawala ya fedha. Na kupiga kura. Hayo ndiyo yakawa masomo. Fomu halisi ya usajili ilipanuliwa ikabandikwa ukutani. Majina yaliandikwa kwenye kadibodi na mwanafunzi akayafuata kwa penseli tena na tena mpaka mkono ukazoea, maana tatizo la kwanza la mkulima mwenye kiganja kigumu ni kuvunja penseli kwa kukandamiza. Herufi zinafuata baadaye. Ukutani pia Robinson alibandika Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, akasema mwisho wa masomo kila mmoja atalisoma. Hesabu zilifundishwa kwa bei za mafuta ya taa na mbolea.

Mwisho wa msimu walikwenda kwa msajili. Waliofaulu walirudi wakiwa matangazo yanayotembea, na msimu uliofuata madarasa yalianza visiwa vya jirani, mengine yakifundishwa na watu waliokuwa wanafunzi juzi.

Serikali ya Tennessee ilishtuka. Septemba 1957, Martin Luther King alipohutubia sherehe ya miaka 25 ya shule, mpiga picha aliyetumwa kutoka Georgia alimpiga picha akiwa ameketi, na picha hiyo ikabandikwa kwenye mabango makubwa barabarani ikidai kwamba King yuko kwenye shule ya makomunisti. Julai 1959 polisi walivamia. Shutuma ya ukomunisti haikupata ushahidi, kwa hiyo shtaka lililoshika likawa la bia: kuuza pombe bila leseni. Mwaka 1961 Highlander ilinyang'anywa usajili, na ardhi na majengo yakapigwa mnada.

Hapa wajenzi wa taasisi wana cha kujifunza. Horton alishaona jambo linakuja. Mpango wa madarasa yale yaliyoanzia Johns Island, ulioitwa Shule za Uraia, ulikuwa umekabidhiwa kwa shirika la King, SCLC, kabla ya mnada, pamoja na Septima Clark mwenyewe. Mafunzo ya walimu yakahamia Dorchester, kituo cha kanisa huko Georgia, wakafanya kazi Clark, Dorothy Cotton na Andrew Young. Kwa hesabu ya Clark, shule karibu 900 ziliendeshwa kati ya 1957 na 1970. Serikali ilichukua nyumba tu. Highlander ilijisajili upya kwa jina lingine Knoxville, na mwaka 1972 ikahamia New Market, bado Tennessee.

Turudi mlimani, ambako fedha za Johnson zilianza kufika. Sheria ya Agosti 1964 ilidai maskini washiriki kwa kadiri kubwa iwezekanavyo katika mipango yao. Maneno mazuri, lakini hundi zilipitia mikono ya wakuu wa kaunti, na kwenye kaunti ya makaa mkuu wa shule, hakimu na mwajiri walikuwa aidha ndugu aidha wabia. Mtu akilalamika, dereva wa basi la shule, ambaye ni mke wake au shemeji yake, anapoteza kazi. Mwaka 1967 Bunge lilimaliza ubishi kwa kuwapa viongozi wa serikali za mitaa nguvu ya kuyashika mashirika ya mitaa yaliyopokea fedha hizo.

Appalachian Volunteers ndio mfano wa kusoma. Walianza Berea, Kentucky, mwaka 1964, wanafunzi wa chuo wakipanda vijijini wikiendi kukarabati shule za chumba kimoja. Walipaka rangi, wakaziba nyufa, wakabadilisha vioo. Waliporudi, rangi ilikuwa imebanduka na kioo kimevunjika tena, na watoto walikuwa bado hawana chakula cha mchana kwa sababu fedha za chakula ziliishia mezani kwa mtu fulani. Kwa hiyo wale vijana wakaanza kuuliza kuhusu fedha, na baadaye kuhusu ardhi. Mpaka walipopaka rangi walikuwa vijana wazuri. Walipouliza wakawa wachochezi.

Suala la ardhi lilikuwa hivi. Kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, mawakala walizunguka vijijini wakinunua madini yaliyo chini ya mashamba kwa senti 50 au dola chache kwa ekari. Hati zao zilitungwa kwa maneno mapana mno: mwenye madini anaweza kutumia ardhi ya juu kwa lolote lililo la lazima au la kumrahisishia, na hadaiwi fidia. Wauzaji wengi walitia alama ya msalaba tu. Wakati huo mgodi ulikuwa shimo lenye nyumbu na reli ndogo, na shamba la juu likaendelea kulimwa. Miaka 50 baadaye likaja tingatinga. Mwaka 1956 mahakama ya juu ya Kentucky ilisema hati zilezile zinaruhusu kuparua mlima kutoka juu bila ridhaa ya mwenye shamba. Mawe na tope vikashukia visima, makaburi na nyumba.

Novemba 1965, Ollie Combs, mjane wa miaka 61 wa kaunti ya Knott, aliketi mbele ya tingatinga juu ya nyumba yake. Maafisa wawili walimbeba mmoja mikono mmoja miguu, na sikukuu ya Shukrani alikula gerezani. Picha ilisambaa nchi nzima. Ukitaka kujua mbinu za Montgomery na za Greensboro, North Carolina, ambako wanafunzi weusi waliketi kwenye mkahawa wa wazungu mwaka 1960, zilifikaje Knott, tazama picha ile: kukaa chini, kutopigana, kubebwa mbele ya kamera.

Kiangazi cha 1967, kaunti ya Pike, mkulima Jink Ray na majirani zake walilizuia tingatinga kwa wiki kadhaa, na Gavana akasimamisha kibali cha kampuni. Hilo lilikuwa kosa lisilosameheka, kwa maana lilifanikiwa. Tarehe 11 Agosti polisi walivamia usiku nyumba za Joe Mulloy wa Appalachian Volunteers na za Alan na Margaret McSurely, waliofanya kazi na shirika la haki za kiraia la Kusini lililoongozwa na Carl na Anne Braden. Walibeba vitabu na karatasi kwa lori. Shtaka: uchochezi wa kutaka kupindua serikali, Pike County! Mwezi uliofuata mahakama ya shirikisho iliifuta sheria hiyo kuwa kinyume cha katiba, lakini fedha za serikali kwa Volunteers wa Kentucky zilikuwa zimeshasitishwa. Kesi walishinda, lakini kazi ikafa.

Wachimbaji wao walipata njia yao kupitia mapafu. Mlipuko wa mgodi wa Farmington, West Virginia, tarehe 20 Novemba 1968 uliua watu 78, na miezi mitatu baadaye wachimbaji kama 40,000 wa jimbo hilo waligoma bila idhini ya uongozi wa chama chao, wakidai fidia ya ugonjwa wa mapafu meusi. Baada ya siku 23 jimbo lilipitisha sheria. Desemba 1969 ikafuata sheria ya shirikisho iliyoweka kikomo cha vumbi: miligramu 3 kwa mita moja ya ujazo, kisha 2 baada ya miaka mitatu. Udhaifu wake uko wazi kwa yeyote aliyefanya kazi chini ya bosi: vipimo vilichukuliwa na kampuni yenyewe, na kifaa kinachotundikwa penye hewa safi hakioni vumbi.

Fidia nazo zilikwama mwanzoni, kwa sababu ofisi ilitazama picha ya eksirei peke yake. Mtu anahema kwa shida akipanda ngazi tatu, picha inasema mzima, dai linakataliwa. Daktari Donald Rasmussen wa Beckley aliwapima wachimbaji oksijeni ya damu wakati wakifanya mazoezi, akaonyesha kwamba damu inaweza kukosa hewa hata picha ikiwa safi. Vyama vya mapafu meusi, kimojawapo Kentucky kikiongozwa na mchimbaji mweusi wa Harlan, Bill Worthington, vilibeba hoja hiyo mpaka Washington, na marekebisho ya 1972 yakakataza kumnyima mtu kwa eksirei pekee. Aliyechimba chini ya ardhi miaka 15 na pumzi ikawa imemshinda kazi alichukuliwa kuwa na ugonjwa huo mpaka ithibitishwe vingine. Tangu hapo kazi kubwa ya vyama ikawa karatasi: kumbukumbu za mishahara, barua za waliofanya zamu pamoja, na kwa wajane, kuthibitisha miaka ya marehemu kwenye migodi iliyofungwa zamani na kampuni zilizobadili majina.

Karatasi ndizo zinaturudisha Martin County. Aprili 1977 mafuriko yalifagia bonde la mto Tug Fork, unaopita mpakani mwa kaunti hiyo, na waliopoteza nyumba hawakupata mahali pa kujenga, kwa sababu ardhi ya juu isiyofurika ilikuwa ya kampuni na haikuuzwa. Vikundi vya milimani vikaamua kuhesabu nani anamiliki nini, katika kaunti 80 za majimbo sita. Kazi iliratibiwa kwa sehemu kubwa kupitia Highlander, na John Gaventa akiwa mmoja wa waratibu. Njia yenyewe ilikuwa na jina ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki wanalifahamu: utafiti shirikishi, jina lililokomaa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika kazi za Marja-Liisa Swantz na Budd Hall, huyu akiwa kwenye Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Dar es Salaam.

Wahesabuji walikuwa wenyeji. Walikwenda jengo la mahakama ya kaunti na kuomba daftari la kodi, ambalo kisheria ni la umma. Mwenyeji alinakiliwa akizidi ekari 250. Kampuni, serikali na mtu wa mbali, akizidi 20. Kwa kila mmoja: jina, anwani inakotumwa ankara ya kodi, ekari za juu, ekari za madini, thamani, kodi. Anwani ndiyo iliyofichua mmiliki wa mbali. Matatizo yalikuwa ya aina tatu. Karani anasema daftari liko matumizini, urudi kesho, na kesho vilevile. Hapo mwenyeji anamshinda mtafiti wa chuo, kwa sababu anarudi kweli na anamjua mama wa karani. Kampuni moja inaonekana kwa majina matano, kwa hiyo ni lazima kulinganisha anwani na wakurugenzi. Na kaunti nyingine hazikuandika madini kabisa, au ziliyapa bei moja kwa ekari bila kujali kuna makaa kiasi gani chini. Hili la tatu halina dawa ya daftari. Unaliandika kama lilivyo, maana upungufu huo wenyewe ni matokeo.

Zaidi ya robo tatu ya wenye madini walilipa chini ya senti 25 kwa ekari. Huko Kentucky kiwango cha kodi ya makaa ambayo hayajachimbwa kilikuwa sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila dola 100 za thamani. Piga hesabu kwa dola 7,604,962 na unapata zile dola 76. Kwa senti 20 kwa kila dola 100 zingekuwa zaidi ya dola 15,000, kwa kampuni moja, kwa mwaka mmoja.

Waliohesabu hawakuacha ripoti kabatini. Mwaka 1981 baadhi yao waliunda muungano wa kodi ya haki Kentucky, ambao baadaye uliitwa Kentuckians for the Commonwealth. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikifuta kiwango kile cha kodi. Kuhusu zile hati pana, Bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka 1984, mahakama ikaitupa mwaka 1987, basi wakaenda kwa wapiga kura kubadili katiba yenyewe. Novemba 1988 zaidi ya asilimia 82 walikubali. Kifungu kinasema kwamba, pasipo ushahidi wa wazi wa makubaliano mengine, mwenye madini anaruhusiwa kuchimba kwa njia zile tu zilizojulikana katika eneo hilo siku hati iliposainiwa. Kwa hati ya 1905 huko Knott, maana yake ni sururu, koleo na nyumbu.